Pawatila na Majirani

Juzi, kwenye duka la zana za kilimo mjini Kasulu, nilimwona mama mmoja wa kijiji cha Rungwe Mpya ameinama mbele ya pawatila ndogo, ile mashine ya kulimia inayoongozwa kwa mikono, akigusa meno ya mashine moja moja. Kwao majirani hulimiana kwa zamu, na mwenye shamba huwapikia maharage.

“Hii inamaliza shamba langu asubuhi moja?” akamuuliza muuzaji.

“Inamaliza, mama. Majirani hutawahitaji tena.”

Mama akainuka, akafuta kidole kwenye kitenge.

“Sasa mwanangu, siku nikifiwa, itakuja kuchimba kaburi?”

Muuzaji akaitazama mashine, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

“Ngoja kwanza nikawaulize wenzangu,” mama akasema, akaondoka.

Mimi mjini naishi na majirani ukuta kwa ukuta. Sijui hata mmoja wao kama ana jembe.