Njeru Hakukaidi

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, Sajini Meja alinikabidhi bendera nyekundu na onyo. "Koplo, hapa mdomo wako ni hatari kuliko bunduki. Kuruta akitambaa na unataka akome, sema lala. Usiseme lingine." Nikaona mzee ananichosha. Kijana wa Kaaga, kule Meru, nimemaliza shule, nifundishwe kusema lala?

Kazi niliipenda, siwafichi. Makuruta, ndio askari wanaoanza, walikuja na hofu zao, nami nikawafundisha kutambaa kwa viwiko chini ya waya, tumbo kwenye matope, huku bunduki ya rashasha ikipiga risasi za kweli juu yao ili wauzoee ule mlio. Aliyelala alikuwa salama kabisa.

Njeru alitoka Manyatta, kule Embu. Kijana mpole na msikivu mno; ukimwambia afyeke nyasi, utamkuta anang'oa mpaka mizizi. Alinicheka kwa miraa yetu ya Meru, nami nikamcheka kwa muguka wao, yale majani wanayotafuna badala ya miraa. Nilimpenda kama mdogo wangu.

Asubuhi moja alipotea njia chini ya waya, akaanza kutambaa kuelekea kwenye bunduki. Nilishtuka, nikapaza sauti: "Njeru, simama!"

Nilitaka akome. Yeye akasimama, wima, mikono ubavuni, vile vile nilivyomfundisha.

Wacha nipumue kidogo.

Kamanda wa kikosi aliniita ofisini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinisukumia karatasi iliyosema kuruta alikaidi amri. "Tia sahihi, Koplo. Marehemu hafukuzwi kazi." Nikatia. Nyumbani nilikuwa na mtoto mchanga, lakini hiyo si sababu. Niliogopa tu.

Kwenye mazishi mbunge wao aliahidi mbele ya jeneza kwamba atauliza Bungeni kijana alikufaje. Mama Njeru alimwamini. Hata mimi nilimwamini, nikaomba aulize, ukweli utoke bila mimi kufungua mdomo. Hakuuliza. Ulipofika uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea unayemtaka, mama alijipanga kwa mpinzani. Foleni yao ilizunguka soko, lakini ile fupi ya mheshimiwa ndiyo iliyotangazwa mshindi. Tangu siku hiyo mama hajapiga kura. Mimi niliendelea kupiga kwetu Meru, pale Kinoru, kila mara kwa aliyeahidi ukweli, mpaka nami nikachoka. Sasa wajukuu hunikasirikia nikibaki nyumbani siku ya kura. Wana haki yao. Lakini kwa miaka mingi niliituma kura ikaseme neno lililokuwa langu, na hilo siwezi kumlaumu mheshimiwa peke yake.

Nilistaafu nikiwa Sajini. Wiki ile ile nilienda Manyatta, nikamkuta Mama Njeru akipalilia kahawa, mgongo umeshapinda. Nilimweleza yote: neno la Sajini Meja, neno langu, sahihi yangu. Sikumbuki nilipiga magoti saa ngapi, nilijikuta tu niko kwenye udongo.

Aliliegemea jembe lake.

"Kwa hivyo hakukaidi," akasema.

"Hakukaidi, mama. Alitii."

"Mimi nimekuwa nikimgombeza. Kila nikipalilia kaburi lake namuuliza, Njeru, kwa nini hukusikia?"

Alilia, nami nikalia, mzee mzima na pensheni yangu. Sikuomba msamaha, nilikosa pa kuanzia. Alipomaliza kujifuta kwa leso, alinitazama nikiwa bado chini.

"Simama, mwanangu."

Nilishindwa. Lile neno lilinikaza miguu yote. Basi akaweka jembe chini, akanishika mkono, akaniinua polepole, akanipeleka kwa Njeru nikamwambie mwenyewe.