Mpiga Lipu wa Kasri la Sonpahar

Gumani alipanda mlima kwenda kasri la Sonpahar akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa kazi ya miezi mitatu. Kwao walikuwa wapiga lipu tangu enzi za mababu: chokaa iliyolazwa majini mwaka mzima, ikachanganywa na mtindi na vumbi la marumaru, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ukuta ung'ae kama maziwa. Upande wa wanawake haukukanyagwa na mwanamume, ndiyo maana akaitwa yeye. Bintiye Lachmi, wa miaka mitatu, alimwachia mama mkwe.

Malkia walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na vyumba vyake kuzunguka ua mmoja. Siku ya tisa, chumbani kwa malkia wa tatu, nyundo yake ilizama ukutani. Nyuma ya lipu palikuwa na ngazi nyembamba ikipanda gizani: njia ya mfalme ya kumwendea amtakaye bila wake wenza kujua. Gumani, kwa uaminifu wake, akaenda kumwambia Firasat, towashi mkuu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, Bwana."

"Basi, mwanangu, kushuka hutashuka tena."

Hakupigwa wala hakufungwa. Alipewa kijichumba, chakula, na kuta za kung'arisha maisha yake yote. Kila alasiri alibandika jicho kwenye tundu la dirisha la mawe yaliyotobolewa, akatazama paa la nyumba yake kule bondeni, ng'ambo ya ziwa. Mwaka wa nne wachota maji wakamletea habari kwamba mumewe kaoa. Alilia siku mbili. Ya tatu akarudi kazini.

Mwishowe akajipa moyo, akamwangukia malkia wa tatu miguuni, amwombee ruhusa. Malkia alikuwa akitafuna tambuu. Akacheka, si kwa ubaya.

"Mwenzangu, mimi nina miaka kumi na tisa humu. Mama yangu kafa, sikumzika. Ruhusa nisiyokuwa nayo nitakupaje?" Kisha akamwonea huruma. "Ila kupanda, watu hupanda. Mlete bintiyo. Atavaa hariri."

Siku ile Gumani hakula. Kesho yake akarudi.

"Ahsante, Bibi. Mwache huko huko."

"Mama gani wewe?"

"Humu, Bibi, kuna mlango wa kuingilia tu."

Ikatimia miaka ishirini na sita tangu apande. Mfalme akajenga mji mpya bondeni, malkia wakateremshwa katika machela zilizofunikwa, walinzi wakafuata nyuma. Siri ya ngazi ikakosa wa kuilinda. Gumani akatoka lango kuu mchana kweupe, asiulizwe na mtu. Magoti yalikuwa yamekwisha. Mteremko wa nusu saa ulimchukua mpaka alasiri.

Lachmi alikuwa ameolewa kijiji cha jirani, ana watoto wanne. Mgeni alipojitaja, Lachmi hakulia. Alimpa maji, akangoja anywe.

"Kasri nililiona kila siku ya Mungu," akasema. "Mbona hukuniita?"

"Niliambiwa nikuite. Nikakataa."

Siku nyingi Lachmi hakumsemesha. Lakini kitanda alimpa, na Gumani akaomba kiwekwe uani. Huko ndiko alikolala miaka tisa mpaka kufa kwake, na hata majira ya mvua alikubali kusogezwa barazani tu, si ndani.