Kikombe Kichachu Mbele ya Wakwe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini mnisikilize mpaka mwisho. Najua mnapenda vile vinywaji vya glasi, vichachu vitamu, vyenye kipande cha limau ukingoni. Kunyweni, mimi siyo polisi. Ila msidhani mmevianza ninyi. Mimi vilinikuta nyumbani kwangu Nanyala, jikoni kwangu, na ilibaki kidogo tu vimnyime mjukuu wangu mume.

Aliyevileta ni kitindamimba wangu. Huyu mtoto alikaa Arusha miaka mingi, akihudumia kaunta ya hoteli ya watalii. Hoteli ilipouzwa, wenye mali wapya wakaja na watu wao, naye akarudi kwa mama. Nikafungua begi lake nikitegemea hata kitenge. Nikakuta kijiko kirefu kilichosokotwa shingo na kopo la bati lenye mfuniko.

“Hili la nini?”

“La kutikisia, mama.”

“Kutikisia nini?”

“Utaona.”

Niliona. Siku hizo mpaka wa Tunduma ulikuwa umefunguka kweli kweli, kila kitu kinapita, na pombe kali ya chupa inauzwa kando ya vitenge na betri za redio. Akaenda akarudi na chupa zake. Halafu akaanza. Anamimina pombe kali kwenye kopo. Anakamua limau. Anachukua sukari, sukari yangu ya chai, anaichemsha na maji mpaka inakuwa kama uji wa mgonjwa, anaitia. Kisha anapasua yai, anamwaga ute humo humo, yai bichi, na kiini anakiacha pembeni kwenye kisahani. Anafunga kopo, anatikisa. Anatikisa mpaka mabega yanaruka, kama mwanamke anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu, tofauti yake mwenye kibuyu mwisho anapata siagi.

Na barafu! Mnaijua baridi ya Mbozi mwezi wa Juni? Asubuhi majani yanakuwa meupe, mimi nimejifunika khanga mbili na sweta, na mwanangu anatembea barabara kuu kwenda kwa mama mwenye friji kununua barafu. Yule mama alikuja kuniuliza kama nyumbani kuna mtu ameumia mguu.

Viini vilitushinda. Tulivikaanga asubuhi, tukaviweka kwenye mboga jioni, mpaka mjukuu wangu akasema, “Bibi, mimi nikiona tena rangi ya njano nitalia.” Kuku naye alikuwa anataka kuatamia. Kila akirudi kwenye kiota anakuta pamepungua, ananitazama mimi kana kwamba ndiye mwizi.

Limau zilipoadimika nikashukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Wapi. Akawaona wachuuzi waliopandisha ukwaju kutoka bondeni Msangano, akaloweka ukwaju, akachuja kwa chujio langu la chai. Sukari nilipoificha, akatafuta asali. Siku moja akachanganya na kahawa. Sisi kahawa tunalima, tunaanika, tunauza, tunakunywa chai, maisha yanakwenda. Yeye akaikaanga kwenye sufuria yangu ya ugali, ikanuka nyumba nzima kama gunia limeungua.

“Onja, mama. Hoteli kubwa hawana hii.”

Nikaonja. Ilikuwa kali, chachu, tamu, chungu, vyote pamoja, hujui umeze au uteme.

“Imechacha,” nikamwambia.

“Ndivyo inavyotakiwa.”

“Imechacha, mwanangu.”

Akacheka. Laiti angesikiliza.

Sasa shika hapa. Mjukuu niliyekuwa naye ni mtoto wa binti yangu mkubwa, ambaye Mungu alimchukua mapema. Nilimlea mwenyewe. Alikuwa amepata kijana wa Hasamba, mtoto wa watu wa kahawa, mpole, anayesalimia kwa kupiga makofi kama inavyopasa. Walipendana, sikatai. Kwao walikuwa wameshatuma taarifa kwamba wazee wanakuja kuposa. Mimi nikapika pombe ya ulezi. Nikaloweka, nikaotesha, nikaanika, nikasaga, nikapika, nikahesabu siku zangu vizuri ili siku ya wageni iwe mbichi, tamu, bado inachemka yenyewe kwenye chungu.

Kwa nini nilijisumbua hivyo? Kwa sababu kwetu mkwe hakataliwi kwa mdomo. Ukimwambia mzee wa watu “hatukutaki” umeanzisha ugomvi wa koo mbili. Mwenye binti akiwa hataki, anatoa pombe iliyochacha. Wageni wanaonja, wanaweka kikombe chini, wanatafuta kofia zao, wanaaga vizuri. Kikombe cha kwanza ndiyo kauli ya nyumba. Ukishakitoa umeshasema, hata ukileta chungu cha asali baadaye, hakuna atakayegusa.

Kitindamimba alizaliwa hapa hapa. Lakini aliondoka mdogo, na mambo ya posa hayafundishwi watoto.

Wageni walikuja mchana. Mbele yao mzee mmoja mrefu, baba mkubwa wa kijana, ndiye msemaji. Kaka yangu aliyesimama badala ya marehemu mume wangu akawapokea sebuleni. Mimi nikawa nyuma na wanawake, nachuja pombe, nachagua kibuyu kizuri. Nikamwambia kitindamimba, “Wakalishe wageni, nakuja.” Kuwakalisha tu. Nilisema kuwakalisha.

Yeye akaona awaheshimishe. Akatoa glasi zake, akatikisa kopo lake, akawamiminia cha ukwaju na asali, kina povu jeupe juu limesimama kama sufi. Na lile povu ndilo lililotumaliza. Pombe mbichi ya ulezi ina povu. Iliyochacha haina, imelala. Mzee wa Hasamba alipoona povu moyo wake ukafurahi, akasema asante, akapiga funda la mtu mwenye kiu ya safari.

Nikaingia na kibuyu mkononi, nikakuta glasi zote ziko chini sakafuni na mzee anatafuta kofia.

“Dada,” akaniambia, “tumesikia. Ila siku nyingine mkitukataa tukataeni wazi. Kuchacha imechacha, basi, mila tunaijua. Lakini kuipaka povu juu ili tulimeze tusi tukicheka, hilo hata wazee wetu hawakulijua.”

Nikamtazama mwanangu. Amesimama na kopo lake, anatabasamu bado, hajui kwamba nyumba inaungua.

“Siyo imechacha, mzee,” akasema. “Ni ukwaju. Na lile povu ni ute wa yai.”

“Yai gani?”

“Yai bichi.”

“Yai bichi!” Mzee akawageukia wenzake. “Mmesikia? Tunalishwa mayai mabichi kama nyoka!”

Kijana mmoja wao akatoka nje kutema. Mlangoni kwenye pazia nikaona vidole vya mjukuu wangu vimeshika kitambaa, vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nilimlea mimi, nilijua maana yake.

Nikaweka kibuyu chini, nikapiga magoti, nikapiga makofi. Goti langu la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani, lakini nikalipiga hivyo hivyo.

“Baba,” nikasema, “kauli ya nyumba hii iko ndani ya kibuyu hiki. Hiyo mliyokunywa siyo kauli, ni ujinga wa mwanangu. Alitumwa awakalishe.”

“Ujinga wa mtoto unamwagwa kwenye kikombe cha kwanza?”

“Umemwagwa. Umeona.”

Kaka yangu naye badala ya kunisaidia ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake. Wanaume wa kwetu bwana.

Mwanangu ndipo akaanza kuelewa. Jasho likamtoka. Akajitetea kwa alichokijua. “Mzee, naapa, kule nilikokuwa watu wanalipia hii. Wazungu wanatoka kwao wanapanda ndege, wanakaa kwenye kiti kirefu, wananiomba niwatengenezee hii hii.”

“Wanalipa wapewe kichachu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na wakishapewa hawaondoki?”

“Wanaongeza nyingine.”

Mzee akasimama pale na kofia yake. Akamtazama kitindamimba. “Basi hao hawajawahi kuposa,” akasema, na mmoja wa wenzake akacheka kwa pua, na kicheko kikapita kwa wengine wote, kaka yangu akiwa wa mwisho, kama kawaida yake.

Nikanyanyua kibuyu. Mzee akanizuia kwa kiganja.

“Hapana, dada. Kikombe cha kwanza kimeshatoka. Leo posa haipo, na sisi leo hatukuja. Tulikuwa tunapita tu.” Akarudi kuketi. “Pika upya. Ukiwa tayari tuma mtu, tutakuja kama watu ambao hawajawahi kufika.”

Akaokota glasi yake sakafuni, akainusa, akainywa mpaka chini. “Kwa mtu anayepita,” akasema akipangusa povu kwenye masharubu, “siyo mbaya sana.” Akaomba nyingine! Nilitamani nimpige mtu na kibuyu, sikujua nimpige nani.

Walipoondoka nikakaa jikoni natazama chungu changu. Pombe nzuri, mbichi, kazi ya mikono yangu, na kufikia siku wageni watakaporudi ingekuwa siki. Majirani waliitwa, wakainywa, wakanisifu. Sifa za nini? Mjukuu wangu akaja akasimama karibu yangu, macho mekundu.

“Bibi, watarudi kweli?”

“Waliosema pika upya wanarudi. Ambaye harudi hasemi pika.”

Kitindamimba akaingia na kopo lake mkononi, akaanza, “Mama, mimi nilidhani…”

Sikumwacha amalize. Nikasimama katikati ya jiko nikawaambia wote waliokuwemo: “Leteni gunia la ulezi, mpepete, mloweke sasa hivi kabla jua halijazama. Hakuna atakayekula kabla ulezi haujalala majini. Na wewe wa hoteli, kuotesha utaotesha wewe, kusaga utasaga wewe, kuni utapasua wewe, na siku wageni wakirudi utakaa nje na ng'ombe mpaka nikuite kwa jina.”