Jumapili niliyogoma kunadi mayai ya sadaka mpaka watu walete vyombo

Wakuu, heshima zenu. Hii sijasimuliwa na mtu, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika trei ya mayai. Kama kuna mtu wa Kimandolu humu aliyekuwepo, aje anisahihishe.

Ni miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, maduka ya Arusha yakaanza kujaa vitu. Mifuko ya nailoni ikaingia, tena ya bure. Tukatupa vikapu, tukajiona wajanja.

Mimi nilikuwa mnadishaji kanisani. Kwa wasiojua, sisi Walutheri wa huku asiye na hela analeta sadaka ya ndizi, mayai au kuku, halafu baada ya ibada vinapigwa mnada pale nje. Kila mnunuzi alifungiwa vitu vyake kwenye nailoni. Baadaye mifuko inatupwa, upepo unaisambaza kwenye majani nyuma ya kanisa.

Sasa majani hayo ndiyo mama yangu alikuwa anakata kulisha ng'ombe wake wawili. Mama ni mjane, maziwa ndiyo yaliyotulea.

Siku moja ng'ombe mkubwa akavimba, akafa. Tulipompasua tukakuta donge la nailoni tumboni. Mama alikaa tu pale na ndoo yake tupu. Niliumia sana wakuu, maana mifuko ile nilikuwa naigawa mimi.

Akabaki mtamba mmoja mwenye mimba. Huyo naye akifa, tumekwisha.

Jumapili iliyofuata nikapanda juu ya benchi nikatangaza kilichomuua ng'ombe wa mama, na kwamba asiye na chombo chake hanunui kitu.

Watu wakanuna. Mayai yakakaa, ndizi zikakaa. Mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Kijana, unaua sadaka." Nikakaza.

Akaja mbele Baba Neema, Mchaga mwenye duka, ambaye ndiye alikuwa anatuletea mifuko ile kila wiki. Amefura kweli kweli.

"Nadi mayai. Nanunua mimi."

"Shikamoo baba. Chombo kiko wapi?"

Baba Neema akavua koti la suti, lile lile la Jumapili, akalitandaza mezani.

"Weka humu."

Watu walivunjika mbavu. Kuanzia hapo ikawa mashindano. Kina mama wakafungua vitenge vya kiunoni, wazee wakavua kofia, mwanakwaya mmoja akabeba viazi kwenye joho. Vitu viliisha fasta kuliko siku zote.

Baada ya hapo vikapu vikarudi. Kina mama wakaokota nailoni zote nyuma ya kanisa, wakaziosha, wakazikata vipande virefu na kusuka vikapu. Nikavinadi. Baba Neema akabeba vyote akaenda kuviuza dukani. Mchaga na biashara tena, mnajua wenyewe.

Na yule mtamba akazaa salama, ndama jike. Mama alipoanza kukamua, akaleta kibuyu cha maziwa kama sadaka. Nikakishika ninadi, nikashindwa. Machozi tu. Mama akaninyang'anya kibuyu, akapanda kwenye benchi akanadi mwenyewe, na kanisa zima likawa linagombania bei.

Nilichojifunza: watu wengi hawakatai mabadiliko, wanaona aibu kuwa wa kwanza. Akipatikana mmoja wa kuanza, kazi imekwisha.

Kwenu nailoni mliiondoaje? Tiririkeni, nawasoma.