Chumba cha Mashini cha Vedeti

Wanajeshi walikuja gereji ya mjomba, kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wakiwa na pampu ya mafuta imefungwa ndani ya blanketi. Vita vilikuwa vimeshaanza na wateja wamepungua. Mjomba alidhani ni pampu ya lori. Niliifungua, nikaisafisha, nikabadilisha springi iliyokuwa imevunjika, nikawarudishia. Kesho yake walirudi bila pampu.

"Mashini imewaka," sajini akasema. "Sasa komanda anakutaka we mwenyewe. Vaa viatu."

Mjomba akauliza nitarudi lini. Sajini alimtazama tu. Nikavaa viatu, nikapanda gari lao, tukateremka hadi bandarini. Sikukataa wala sikukubali. Wakati ule mtu akiambiwa avae viatu alivaa.

Chombo chenyewe kilikuwa boti ya doria ya jeshi. Sisi wote tuliiita vedeti, kwa Kifaransa cha mjini. Ilikuwa ya chuma, rangi ya kijivu, bunduki kubwa imefungwa mbele, na chini mashini mbili za dizeli. Waliokuwa nayo tangu mwanzo walisimulia kwamba siku iliposhushwa majini wakubwa walitoka maofisini Rohero na wake zao, wakapanda, wakanywa bia hadi karibu na mpaka, wakarudi wakiimba. Enzi hizo kazi yake ilikuwa kufukuza wenye nyavu haramu na wanaovusha vitenge kwa magendo. Mimi niliikuta imeshazeeka. Ubavuni ilikuwa na matundu ya risasi yaliyozibwa kwa kuchomelewa, na rangi waliyopaka juu yake haikufanana na ile ya zamani, kwa hiyo kila tundu lilionekana.

Kazi yangu ilikuwa chini. Chumba cha mashini kilikuwa kidogo kiasi kwamba nilisimama nimeinama, bega moja linagusa bomba la moto. Nilijifunza kutoligusa. Kelele ilikuwa kubwa mno, na baada ya muda niliacha kuisikia kama kelele. Vedeti ilipokwenda kusini kuelekea Rumonge mimi sikuona Rumonge. Iliposimamisha mitumbwi inayotoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, nilisikia tu kengele ya amri inasema punguza, kisha simama. Juu kukawa na sauti za watu, wanawake wakijieleza, watoto wakilia. Kisha kengele ikasema twende. Sikupanda kuuliza walikuwa nani.

Nchi jirani zilipotufungia mipaka, vipuri vikakoma. Nilikata gasketi kwenye mipira ya gurudumu. Vichujio vya mafuta niliviosha na kuvirudisha hadi vikachanika. Mashini ya kushoto ilipokataa kabisa, tulitembea na ya kulia peke yake, na vedeti ikawa inavuta upande mmoja kama mtu mwenye mguu mbovu. Komanda aliuliza, "Itafika?" Nilisema itafika. Wakati mwingine haikufika, tukasubiri kuvutwa.

Lakini kuna jambo moja lililonipandisha juu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa taksi. Kabla sijaitwa na jeshi alipeleka abiria Cibitoke, mtaa wa kaskazini, siku ambayo mitaa ile ilikuwa inawaka. Gari lilipatikana limeteketea. Yeye hakupatikana, mzima wala maiti. Majirani walikuja kukaa na sisi. Imamu akasema tusome khitima. Mama alikataa.

"Mutoto wangu sijamuona," akasema. "Nitasoma khitima ya mutu sijamuona?"

Akamwekea kaka sahani yake kwenye kabati, akaendelea kuuza maandazi.

Miaka ile mvua zikinyesha juu, mto Rusizi ulileta watu ziwani. Kila mtu wa Bujumbura anajua ninachosema. Komanda wa kwanza aliagiza tuwatoe tuwafikishe ufukweni wazikwe. Aliyemfuata alisema mazuti, yaani dizeli, ni kidogo, tupite. Mlinzi wa mbele alikuwa akigonga sitaha kwa kisigino kuonyesha kuna kitu majini, na nahodha anapunguza mwendo. Mimi nilipanda ngazi nikisingizia nakwenda kuangalia maji ya kupoza mashini kama yanatoka vizuri ubavuni. Nilitazama mikono yao. Kaka alikuwa amekatwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto na feni ya gari, zamani, tukijifunza ufundi pamoja kwa mjomba. Nikiona vidole vyote vipo, nilirudi chini.

Mwanzoni nilishika ngazi kwa mikono miwili kabla ya kutazama. Baadaye ikawa kama kupima mafuta kwa kijiti: unachomoa, unatazama, unarudisha. Nilikula mkate wangu wa saa nne kama kawaida. Nyumbani mama aliuliza kazi ilikuwaje, nikasema nzuri.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mwepesi, vita vikiwa vimeshatuzoea na sisi tumevizoea, tuliposimamisha mtumbwi mkubwa wa injini uliotoka Uvira na abiria, madumu ya mawese na sabuni. Wakati wa kuufunga ubavuni kwetu, kamba yao ikaanguka majini ikanyonywa na panga boi linaloisukuma vedeti. Mashini ikazima kwa kishindo. Sajini akaita fundi. Nikapanda na kisu, nikalala kifudifudi nyuma ya vedeti, mikono majini. Mtu mmoja kwenye mtumbwi alikuwa ameshika ncha ya pili ya kamba.

"Vuta polepole," nikamwambia.

Akavuta. Nikauona mkono wake wa kushoto. Nikapandisha macho. Alikuwa amenenepa, ana ndevu, na amevaa shati la kitenge ambalo asingelivaa zamani.

"We muzima," nikasema.

"Mi muzima," akajibu. "Na mama?"

"Yuko."

Kisha tukaendelea kuvuta kamba. Ilikuwa imejizungusha sana na ilibidi niikate vipande. Nakumbuka vizuri rangi yake, buluu iliyofifia. Nakumbuka maji yalikuwa baridi. Ningependa kuandika hapa kwamba moyo ulinilipuka, lakini kilichonijia kichwani ni kwamba shafti inayozungusha panga boi huenda imepinda.

Komanda alikuwa amesimama juu yetu. "Unamujua huyu?"

Kumjua mtu anayetoka ng'ambo lilikuwa jambo la hatari. Ng'ambo ndiko waasi walikokuwa na kambi zao. Kaka alinitazama. Niliona kwamba alikuwa tayari nimkane, na asingenilaumu.

"Ni mukubwa yangu, komanda. Tumbo moja. Tulijua amekufa."

Komanda akasogea karibu. Akamtazama kaka, akanitazama mimi, kama anayelinganisha nyuso.

"Kama ni mukubwa yako, mbona hamusalimiane?"

Kaka akanyoosha mkono, nikaushika. Wote wawili tulikuwa na mafuta na mkono ukateleza. Askari mmoja akacheka, kisha akanyamaza alipoona wenzake hawacheki.

Mtumbwi ulipelekwa bandarini na abiria wote wakahojiwa, ndivyo ilivyokuwa desturi. Kaka alilala mikononi mwa askari. Asubuhi komanda mwenyewe alimtoa nje, akaniambia, "Mupeleke kwa mama yake. Na kesho urudi, ile shafti haitajinyoosha." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Sijui hadi leo kwa nini alifanya hivyo. Wengine walifanyiwa vingine.

Njiani kaka alinisimulia. Siku ya Cibitoke vijana walimshusha, wakachoma gari mbele ya macho yake. Alikimbilia Carama, akalala kwenye mashamba ya mpunga, akavuka mto pamoja na watu asiowajua, akafika Uvira. Alituma salamu kwa mfanyabiashara wa samaki, na huyo hakufika kwetu. Kisha vita vikaja Uvira pia, akakimbilia Kigoma. Aliporudi Uvira alioa. Alituma salamu tena, na mpaka ukawa umefungwa. Alisema haya yote kwa sauti ya kawaida, na mimi nilisikiliza kwa namna hiyohiyo.

Mama alikuwa uani anachagua mchele. Alipomwona alisimama, mchele ukamwagika. Alimpiga kofi. Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili akamkandamiza kifuani, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia tena kwa mtu yeyote. Majirani walijaa. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, wengine wakalia. Ilipikwa mikeke, wale samaki wa ziwani, na wali, na kaka alikula kwenye sahani yake iliyotoka kabatini.

Mimi nilikula kwenye sahani yangu. Chakula kilikuwa kitamu, hilo nililijua, kama mtu anavyojua kwamba ukuta ni mweupe. Mama akaja kukaa kando yangu.

"We haufurahi?"

"Nafurahi, mama."

"Mbona uso wako uko hivyo?"

"Nimechoka tu."

Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akidhani nina malaria. Hakukuwa na joto. Alikiacha hapo kwa muda mrefu, na mimi nilisubiri akiondoe.

Kaka hakukaa. Mke wake alikuwa ng'ambo, mjamzito, na mjini kwetu mwanamume mgeni mtaani alikuwa anaulizwa maswali. Alirudi Uvira kwa njia halali, na karatasi zilizopigwa mhuri, mama akimsindikiza hadi mwisho wa barabara. Mimi nilikuwa kazini. Tulinyoosha shafti kwa moto na nyundo, ikakubali.

Mvua zikaja, Rusizi ukajaa. Mlinzi akagonga sitaha kwa kisigino. Nikapanda ngazi, nikaenda ubavuni, nikatazama mkono wa kushoto. Vidole vyote vilikuwepo. Nilipogeuka nilimkuta sajini nyuma yangu. Kumbe siku zote alikuwa anajua.

"Si ulishamupata mutu wako?"

"Nilimupata."

"Basi unatafuta nani?"

Nilishuka chini. Na mara iliyofuata nilipanda tena, na iliyofuata. Siwezi kueleza. Miguu ilipanda yenyewe.

Vedeti ilikufa kabla vita havijaisha rasmi. Mashini ya kushoto tulikwisha kuila vipande vipande ili ya kulia iishi, na ya kulia ilipopasuka kichwa hakukuwa na cha kuipa. Ilivutwa hadi bandarini ikapandishwa nchi kavu. Bunduki ilitolewa kwanza, kisha redio, kisha waya za shaba, hizi za mwisho bila amri ya mtu. Viboko walitoka majini jioni wakala majani kandokando yake. Wake za askari walianika nguo kwenye vyuma vya pembeni. Amani iliposainiwa walikuja watu na gesi ya kukatia chuma. Niliitwa kuwaonyesha pa kuanzia, kwa sababu kulikuwa na tangi lenye mazuti bado. Nilionyesha, nikasimama kando hadi walipomaliza upande mmoja, nikaenda nyumbani. Sasa natengeneza vinu vya kusaga mihogo.

Mwaka ambao binti wa kwanza wa kaka aliolewa nilivuka kwenda Uvira na mama. Tulipanda boti ya abiria, na kwa mara ya kwanza nililiona ziwa lile nikiwa nimekaa juu, kwenye benchi, kama wengine. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Mama alitapika njia nzima.

Baada ya sherehe kaka alikuja kukaa nami uani, akanimiminia chai.

"Ile miaka," akaniuliza, "mule chini. Ulikuwa unaogopa?"

"Apana."

"Ulikuwa na hasira na mi?"

"Apana."

"Basi ulikuwa unasikia nini?"

Nilifikiri, kwa sababu alistahili jibu la kweli.

"Nilikuwa nasikia mashini," nikamwambia.

Alitikisa kichwa polepole. Ndani wanawake walikuwa bado wanaimba, na mama, aliyekuwa amepata nafuu, alikuwa anaitisha wali zaidi kwa sauti ya mtu aliye kwake. Kaka akasema chai imepoa, akainuka kuleta nyingine.