Tundu la Mlango wa Lori la Baba

Haya, sogeeni hapa, na anayetafuna muwa ateme kwanza, nataka msikie mlio: ngo, ngo, ngo! Tindo juu ya bati. Mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikipita gereji nikausikia, mdomo unakuwa mchungu na miguu inataka kukimbilia Kenya bila mimi.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Itiryo, huko Tarime mpakani na Kenya. Baba alikuwa na lori la pua ndefu, kuukuu, nadhani hata milima ililikuta. Mlango wa dereva ulikuwa umeliwa na kutu mpaka kuku anachungulia ndani. Na Baba mwenyewe sasa! Mzee wa kanisa, akikohoa kwetu, ng'ombe wa ng'ambo ya mpaka wanasimama. Mwaka huo malaria ilinipenda mno. Kila jioni Baba ananiita pale kwenye lori, ananipa kidonge kichungu kuliko nyongo ya mamba. Akigeuka tu kunichotea maji, mimi nakisukuma kwenye tundu la kutu. Tik! Homa haiishi, Baba anamgombeza mama eti kanunua dawa mbovu. Mwisho akaapa: "Nikimjua anayechezea dawa nyumba hii, namchuna ngozi nawamba ngoma!"

Basi akamleta Fundi Saidi kutoka Bomani abadilishe bati la mlango. Fundi akagongagonga kwa vidole kama daktari anayepima kifua. "Mzee, huu mlango umebaki rangi tu." Akashika tindo. Nikaanza kunyata, Baba akaniona: "Ghati, njoo ushikilie mlango!" Yaani nishikilie jeneza langu mwenyewe! Magoti yanagongana mpaka fundi anauliza nani mwingine anagonga. Kila ngo, tindo linashuka kule viliko vidonge vyangu. Nikasali sala zote, hata za msikitini kwa Fundi Saidi, ambazo sizijui.

Bati likafunguka. Vidonge vikamwagika mchangani, gunia zima, naapa. Baba akavuta pumzi, Tarime nzima ikakosa hewa. "Ghati!" Nikafumba macho, nikaanza kulia kabla ya fimbo.

Fimbo haikuja. Nikafumbua jicho moja. Nyuma ya vidonge zilikuwa zinaanguka pakiti za sigara, moja, tatu, kumi, na kiberiti juu yake. Baba, aliyeacha sigara mbele ya kanisa zima, anatazama milima. Mama katoka jikoni, kashika kiuno.

Fundi akaniangalia mimi, akamwangalia Baba, akaangalia tundu. "Sasa mzee, hapa nichomelee, au niweke mfuniko?"