Stendi ya Mtu Aliyekaa

Siku mume wangu aliposhindwa kuipandisha pikipiki kwenye stendi yake kubwa, mwenye pikipiki alikuwa amesimama pale pale akila muhindi wa kuchoma, na alidhani ni utani. Mume wangu alikuwa fundi pikipiki hapa Milanzi, Sumbawanga, tangu kabla hajanioa, na kupandisha pikipiki kwenye stendi ni kitu alichokuwa akikifanya huku anaongea na mtu mwingine: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, mguu unakanyaga, mashine inainuka. Siku hiyo alikanyaga na mguu haukujibu. Akajaribu tena. Pikipiki ikamlalia taratibu, ikamsukuma mpaka ukutani, na mwenye pikipiki akatupa gunzi akaja kuishika.

"Umekula kweli leo, fundi?"

"Nimekula," mume wangu akasema. "Mguu umekufa ganzi tu."

Mimi nilikuwa mlangoni napepeta ulezi. Nilimwona usoni, nikajua haikuwa mara ya kwanza.

Tulikwenda hospitali ya hapa mjini, wakatupeleka Mbeya. Kule daktari, mwanamke mpole aliyeongea polepole, alimgonga magoti, akamwambia akunje ngumi, akamwambia atoe ulimi, kisha akavuta kiti akakaa karibu nasi. Alisema mishipa inayopeleka amri kwenye misuli inakufa, mmoja baada ya mwingine, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mume wangu alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza mlio wa injini.

"Na mikono?" akauliza.

"Na mikono," daktari akasema. "Baadaye."

Kwa hiyo sitaki mtu afikiri kwamba tulikuwa hatujui. Tulijua tangu siku ile. Ndugu zake walipokuja kutaka kumpeleka kwa mganga, alikataa akisema kama kuna mtu amemloga basi amefanya kazi ya kitaalamu sana, maana mpaka daktari wa Mbeya anaijua kwa jina. Ndugu hawakucheka. Wanajumuiya wa kanisa walikuja kusali, wakaimba, wakanywa chai, wakarudi kwao.

Habari ya kutengeneza stendi aliianzisha ndani ya basi, tukirudi kutoka Mbeya. Tulikuwa tumeshapanda huku juu, upepo unaingia dirishani, mashamba yamevunwa pande zote. Nilidhani amelala.

"Nikiwa na kitu cha kuinua tairi la nyuma," akasema, "sihitaji mguu."

Nikamwambia, "Baba, si upumzike kwanza."

"Nipumzike niamkie wapi?"

Nikamfunika kanga mabegani.

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati lililobandikwa ubavuni mwa nyumba, jembamba, sakafu ya saruji iliyopasuka. Pikipiki ikishaingia, fundi hupita kwa ubavu. Kwa ajili ya chuma tulivunja kitanda cha marehemu mama yake, kitanda kizito cha zamani ambacho hakuna aliyekilalia tangu alipofariki. Alipima kwa kamba, akachora chini kwa chaki. Msumeno aliushika yeye, mimi nikakalia chuma kisitikisike. Vipande vilipokuwa tayari nilivibeba kichwani kwenda kwa jirani yetu mwenye mashine ya kuchomelea, mzee mkimya mwenye nyusi zilizoungua, naye akaviunga kwa mchoro ambao mume wangu aliuchora nyuma ya kalenda.

Kilikuwa kitu rahisi kueleza. Nguzo mbili fupi, kila moja ina mdomo juu wa kushika ule mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma. Chini kuna kitako kipana, na kwa nyuma mpini mrefu. Unaisogeza hadi midomo inakamata, unakandamiza mpini chini, tairi linapanda hewani. Aliniambia nijaribu. Nilikandamiza kwa mkono mmoja na pikipiki ikainuka kama nimeinua mfuniko wa sufuria.

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Mbeya. Alilizungusha lile tairi kwa kidole, akaliacha lizunguke lenyewe, tukalitazama mpaka likasimama.

Stendi ile ilimfaa mpaka maharage yalipokomaa. Baada ya hapo akawa hawezi kuchuchumaa. Akichuchumaa hainuki, ilibidi nimshike kwapani nimvute, na mteja anaangalia pembeni. Tukampa kigoda, lakini kutoka upande mmoja wa pikipiki kwenda wa pili ilikuwa safari. Siku moja nilimkuta amekaa chini, ameegemea injini, spana mkononi. Alisema anatafakari. Suruali ilikuwa imelowa, na sikuuliza.

Ndipo tukatengeneza kigari. Wazo lilikuwa lake tena: kama yeye hawezi kuizunguka pikipiki, pikipiki imzunguke yeye. Jukwaa la mbao nene lililofungwa kwenye fremu ya chuma, chini magurudumu madogo manne yanayogeuka kila upande. Magurudumu niliyahangaikia mimi. Nilizunguka soko zima la vyuma chakavu, nikayapata kwa mtu aliyekuwa anavunja kabati la duka. Matatu yalikuwa mazima na moja lilikuwa linalia. Tulilitia grisi, likaendelea kulia.

Na kwa kuwa alikuwa anafanya kazi amekaa, alitaka kigari kiwe kirefu kwenda juu, injini ifike usawa wa kifua chake. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mikono mbele kama anayeshika kikombe, akaniambia nipime kutoka chini mpaka viganjani. "Hapo," akasema. "Mwambie mzee achomelee hapo." Tukaongeza ubao wa kupandishia ili mteja aisukume pikipiki mwenyewe mpaka juu, na stendi yetu tukaifunga juu ya jukwaa kwa bolti. Safari hii sehemu kubwa ya kukata nilikata mimi, kwa sababu msumeno ulikuwa unamponyoka. Ilikuwa kipupwe. Huku kwetu baridi ya miezi ile inaingia kwenye chuma, na chuma kinakurudishia. Vidole vyake vilikuwa vigumu asubuhi, na mchana pia.

"Baridi hii," akasema.

"Baridi imezidi mwaka huu," nikasema.

Tuliisingizia baridi wiki nyingi. Nilimwashia jiko la mkaa bandani, nikamfumia soksi za mikono zinazoacha ncha za vidole wazi. Jua lilipoanza kuwa kali na watu wakaanza kupiga matuta, vidole vilikuwa vile vile, na hapakuwa na kitu kingine cha kusingizia.

Hata hivyo kigari kilifanya kazi. Nasema hivyo kwa haki ya mikono iliyokitengeneza. Mteja alipandisha pikipiki, mimi nikakandamiza mpini, mume wangu akaketi mbele ya injini kama karani mezani kwake, na alipotaka upande wa pili alikisukuma kwa kiganja, kikazunguka kikilia gurudumu lake moja. Watu walikuja kukitazama. Wengine walileta pikipiki zisizo na shida kubwa, breki tu, cheni tu, na nilijua wanaleta kwa huruma. Yeye pia alijua. Alizitengeneza kwa makini kuliko zilivyohitaji.

Mimi natoka Kirando, ziwani. Kuna mtu wa kwetu, tumekulia mtaa mmoja, anapandisha dagaa kwa pikipiki kutoka huko mpaka Sumbawanga, magunia yamefungwa nyuma mpaka yeye haonekani. Kwa miaka yote pikipiki yake haikuguswa na fundi mwingine. Alikuja asubuhi moja akitaka kubadilishiwa tairi la nyuma na spoki zilizokatika.

"Shemeji, mikono ipo?" akauliza, kwa sababu alikuwa ameona jinsi mume wangu anavyoshika kikombe.

"Ipo ya kutosha tairi."

Nilimsaidia kutoa ekseli. Kufunga alifunga mwenyewe, hakutaka niguse. Nilimwona akiikaza nati ya ekseli, mkono wa kulia kwenye spana, wa kushoto umeushika wa kulia kwenye kifundo, mwili mzima unalala kwa mbele. Mishipa ya shingo ilisimama. Alipomaliza alifuta spana, akaiweka mahali pake, akasema tayari. Jamaa akashusha pikipiki, akaaga, akaondoka kurudi Kirando.

Alirudi siku ya tatu. Hakuingia bandani na pikipiki. Aliiacha barabarani, akaja kwa miguu, akaniamkia, akakaa kwenye kigoda karibu na mume wangu. Alikaa kitambo anauliza habari za mvua. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu yake iko wazi:

"Shemeji, ile nati ya nyuma. Nilipofika Namanyere nikasikia pikipiki inacheza. Nikashuka. Ilikuwa imebaki nyuzi chache itoke."

Mume wangu aliitazama spana pale alipoiweka.

"Sikuja kulaumu," jamaa akasema. "Nimeona ni vizuri ujue."

"Ulikuwa na mtu nyuma?"

Yule mtu aliangalia chini. "Nilikuwa na mke wangu, nilimpitia mjini. Amembeba mtoto."

Nilisikia gurudumu la kigari likilia kidogo, maana mume wangu alikuwa ameegemeza mkono kwenye jukwaa. Alimwomba radhi. Jamaa akasema hakuna radhi, shemeji, hayo ni mambo ya kawaida, hata wazima wanasahau nati. Alikunywa chai, akaacha kifurushi cha samaki, migebuka aliyotumwa na mama yangu, akaondoka.

"Hakuna aliyesahau," mume wangu akaniambia baadaye. "Nilikaza mpaka mwisho wangu. Mwisho wangu ndio ule."

Nikamwambia naweza kukaza mimi. Yeye aelekeze, mimi nikaze, kama tulivyofanya kwenye kigari. Nilimwambia kwa nguvu, nikimhesabia vitu ambavyo nilikuwa nimeshajifunza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama," akasema, "utakaza, na mimi sitajua kama imekaza. Usinipokelee tena pikipiki ya mtu."

Sikupokea tena. Kwa muda watu waliendelea kuja, nikawaelekeza kwa fundi wa barabara ya chini, na baadaye wakaacha kuja.

Alitaka kigari na stendi vipate mtu. Alisema chuma kikikaa bure kinaoza. Nikamwita yule fundi wa barabara ya chini, kijana mwenye kazi nzuri, akaja na pikipiki yake kujaribu. Aliipandisha, akakandamiza mpini, tairi likainuka, akasifu. Kisha akasimama kufungua kabureta akajikuta ameinama kama mtu anayenawa uso. Akaleta kigoda akakaa. Magoti yake marefu yakagonga fremu. Akachuchumaa, injini ikawa juu ya kichwa chake. Alihangaika hivyo kwa adabu kubwa, akizunguka huku na huku, mume wangu anamtazama kutoka kitini.

"Ni kazi safi, mzee wangu," mwishowe akasema. "Ila kwangu mimi kimo kinanikataa."

"Kikate miguu," mume wangu akasema.

"Nikikata, hapa na hapa panaachia. Itabidi nichomelee upya yote." Akapapasa kiungo kimoja kwa kidole. "Ni bora nitengeneze kingine."

Akashukuru, akashusha pikipiki yake, akaenda. Mchomeleaji naye nilimuuliza, akasema atakichukua kama chuma chakavu, na mume wangu akasema hapana. Kwa hiyo kipo. Nimepanga juu yake madebe ya mahindi, kwa sababu panya hawafiki.

Sasa hivi hatoki kitandani mpaka nimtoe. Maneno yake yamekuwa mazito na wageni hawayaelewi. Mimi nayaelewa, si yote. Mwanzoni nilipomlaza upande wa dirishani alikuwa anasikiliza pikipiki zinazopanda barabara, na kila moja aliisomea ugonjwa: hii vali, hii cheni imelegea, huyu ataunguza klachi kabla ya Pasaka. Nilikuwa nangoja nipate kusikia. Nilidhani hilo litabaki hata mengine yakienda.

Juzi ilipita moja inakohoa vibaya sana, hata mimi niliisikia. Nikamuuliza, "Hiyo ina nini, baba?"

Alichelewa kujibu, nikadhani anakusanya maneno.

"Sisikilizi," akasema.

Ilikuwa saa yake ya kugeuzwa, nikapitisha mikono chini ya mgongo wake, nikamgeuza akatazama ukuta.